Ratiba ya Tamasha la Kwaya za Shule, na Namna Inavyotungwa



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya karatasi. Ni ile karatasi apewayo mtu mlangoni siku ya tamasha la kwaya za shule za sekondari, yenye majina ya shule, majina ya nyimbo, na saa ya kuanza. Watu wengi huitazama mara moja, kisha huikunja wakajipepea nayo, kwa maana ukumbi uliojaa watu huwa na joto. Hatuwalaumu. Walakini yafaa wajue kwamba katika karatasi hiyo umo mwaka mzima wa maisha ya vijana. Yaliyoandikwa humo ndiyo waliyoyaimba kila jioni tangu muhula ulipofunguliwa, na baadhi yake watayaimba hata uzeeni. Aliyeitunga ratiba ile amewachagulia maneno ya kutia vinywani mwao. Akichagua vema, amewapa mali; akichagua vibaya, amewachosha koo na kuwafundisha kuimba wasilolielewa.

Basi twataka kueleza tamasha la namna hii lilitoka wapi, ratiba yake hutungwaje, na msikilizaji aisikilizeje.

ASILI YA MASHINDANO HAYA

Kushindana kwa nyimbo ni desturi ya kale katika mataifa mengi. Katika nchi ya Wales, mtawala aliyeitwa Rhys aliwakusanya washairi na wapiga vinubi katika ngome yake ya Cardigan mwaka 1176, akawapa walioshinda viti vya heshima. Lakini tamasha la namna tuliyoizoea, lenye kwaya, nyimbo zilizowekwa na mwamuzi mwenye kuandika alama, lilipata umbo lake Uingereza mwaka 1885. Katika mwaka huo Bibi Mary Wakefield, mwimbaji mwenye sifa, aliwaalika waimbaji wa vijiji waje kushindana huko Sizergh, karibu na mji wa Kendal. Mwanzo ulikuwa mdogo, ila Bibi huyo aliweka desturi moja yenye hekima kubwa: waliokuwa washindani mchana waliungana jioni, wakaimba pamoja kama kwaya moja. Desturi hiyo tutairudia baadaye, kwani ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Mfano huo ulienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Kenya ilianza tamasha lake la muziki mwaka 1927. Leo shule za Kenya hushindana kwanza karibu na kwao, kisha washindi hupanda ngazi kwa ngazi hata kufika mashindano ya taifa zima, na baadhi ya walioshinda huimba mbele ya Rais wa nchi.

Mtu aweza kuuliza, nyimbo zenye sauti nne zilifikaje katika shule zisizo na kinanda, zilizo mbali na mji? Zilifika kwa njia ya solfa. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakamwagiza kasisi kijana, John Curwen, awatafutie njia nyepesi ya kufundisha watu kuimba kwa kusoma. Curwen aliishika kazi ya Bibi Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, akaitengeneza na kuieneza. Katika njia hiyo sauti huandikwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja hugawa pigo katikati. Kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Alama zote hizo zimo katika taipureta ya kawaida. Kwa hiyo mwalimu mwenye taipureta na karatasi aliweza kunakili wimbo wa sauti nne kwa kwaya nzima, bila kuchora mistari mitano wala kununua kitabu.

Njia hii ina mpaka wake. Wimbo ukibadilisha ufunguo mara kwa mara, solfa yake huwa kama njia iliyokatwa na mito mingi, na msomaji hupotea. Kwa hiyo mtungaji wa ratiba lazima ajue shule zake zinasoma kwa alama zipi kabla hajatoa wimbo. Wimbo mzuri usiosomeka utafundishwa kwa kukaririshwa tu, kama kasuku afundishwavyo.

KUHESABU SAA

Kazi ya kwanza ya mtungaji ni hesabu, nayo wengi huidharau. Tuchukue mfano. Kwaya 20 zimeandikishwa, kila moja ina waimbaji 40. Hao ni vijana 800. Kila kwaya itaimba nyimbo mbili, nazo zitachukua dakika 6. Kuingia jukwaani na kupanga mistari ni dakika 2. Mwamuzi naye ahitaji dakika 2 za kuandika. Jumla ni dakika 10 kwa kila kwaya, na kwa kwaya 20 ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20, bila mapumziko, bila hotuba, na bila maneno ya mwamuzi mwishoni. Ratiba iliyoandika kwamba shughuli itaanza saa tatu asubuhi na kwisha saa sita imekwisha kusema uongo kabla mtu hajafungua kinywa. Nao watakaolipa deni la uongo huo ni waimbaji wa mwisho, walioamka alfajiri, wakasimama juani, wakaimba saa nane wakiwa na njaa.

Hesabu ikishindikana, dawa ni mbili: kupunguza nyimbo, au kuongeza siku. Kuwaharakisha vijana jukwaani si dawa, kwa sababu kwaya iliyoingia mbio huanza wimbo mbio.

Nyimbo zenyewe kwa desturi ni za namna mbili. Upo wimbo wa lazima, ambao kila kwaya imeagizwa kuuimba. Na upo wimbo wa hiari, ambao kila shule hujichagulia. Wimbo wa lazima ni kama mizani sokoni: kwa kuwa wote wamepimwa kwa jiwe moja, mwamuzi aweza kusema huyu amezidi na huyu amepungua. Wimbo wa hiari huonyesha tabia ya kwaya, ladha ya mwalimu wake, na nchi wanakotoka.

Zipo njia mbili za kuzipanga. Ya kwanza, kila kwaya huimba wimbo wa lazima na mara hiyo hiyo wimbo wake wa hiari, ndipo ishuke. Njia hii huokoa muda, tena humpumzisha msikilizaji, kwani kati ya wimbo wa lazima na unaofuata husikia jambo jipya. Ya pili, kwaya zote huimba kwanza wimbo wa lazima, kisha hurudi kwa wimbo wa hiari. Njia hii humsaidia mwamuzi kulinganisha, lakini kusikia wimbo mmoja mara 20 mfululizo huchosha sikio la mtu yeyote. Tukiulizwa, twachagua ya kwanza pale kwaya zilipo nyingi, na ya pili pale zisipozidi sita au saba.

Zamu za kuimba na zipangwe kwa kura, mbele ya walimu wote. Shule itakayotangulia hulalamika kuwa mwamuzi alikuwa bado hajachangamka. Itakayofuata mwisho hulalamika kuwa alikuwa amechoka. Kura haiondoi taabu hizo, ila huondoa shaka ya upendeleo.

SAUTI ZA VIJANA

Sasa twaja kwenye jambo ambalo likikosewa laweza kumdhuru mtoto. Vijana wa shule ya sekondari wamo katika umri ambao koo linakua. Kwa mvulana, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti yake hushuka karibu oktava nzima, yaani kutoka d ya juu mpaka d iliyo chini yake. Mabadiliko hayo hayaji siku moja. Kwa miezi mingi mvulana huwa na sauti chache tu anazoweza kuziimba kwa raha. Zilizo juu yake hukwaruza, na zilizo chini bado hazijaja. Sauti ya msichana nayo hubadilika, lakini kwa kiasi kidogo, na kwa muda fulani huwa na pumzi nyingi isiyo na nguvu.

Mtungaji wa ratiba asiyelijua hili huweka wimbo wa lazima uliotungwa kwa ajili ya watu wazima, wenye tena ya juu na besi ya chini sana. Mwalimu naye, kwa kutaka ushindi, humwambia kijana wa miaka 14 akaze koo mpaka sauti itoke. Sauti itatoka, lakini kijana hujifunza kupiga kelele, na koo lililozoea kukazwa ni gumu kulegezwa tena. Yafaa zaidi kuchagua wimbo wa sauti tatu, yaani soprano, alto, na sauti moja ya wanaume yenye mpaka mfupi, kwa kwaya ambazo wavulana wake ni wadogo. Shule zenye vijana wakubwa ziwekewe fungu lao, lenye sauti zote nne. Mvulana aliyeimba soprano mwaka jana asione haya kuhamia alto mwaka huu na besi mwaka ujao. Ni mti unaokua.

Twawasihi walimu pia wasimfukuze katika kwaya kijana ambaye sauti yake imevunjika. Mpeni sauti chache anazoziweza. Wengi waliofukuzwa wakati huo hawakurudi tena kuimba maisha yao yote, wakidhani wamenyimwa kipawa, ilhali walikuwa njiani kukipokea.

MANENO NA MKAZO WAKE

Wimbo ni ndoa ya sauti na maneno, na ndoa hiyo huvunjika upesi mahali wimbo ulipofasiriwa kutoka lugha nyingine. Kiswahili huweka mkazo wake katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kila mtu ajua neno barabara. Ukikaza silabi ya tatu, umetaja njia ya kupita. Ukikaza silabi ya pili, umesema jambo limefanywa sawasawa. Tofauti yote imo katika mkazo. Basi fikirini kwaya inayoimba neno hilo kwa sauti iliyotungwa kwa lugha ya Kizungu, ambayo pigo lake kubwa huangukia palipo na silabi hafifu ya Kiswahili. Mwenye lugha husikia maneno ya kwao yakitamkwa kwa kigugumizi cha kigeni, na mtoto wa shule huzoea kudhani kwamba ndivyo Kiswahili kiimbwavyo.

Katika lugha ambazo maana hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti, hasara ni kubwa zaidi. Katika lugha ya Kitwi ya nchi ya Ghana, neno papa laweza kuwa baba, au wema, au kipepeo cha kujipepea, kwa kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Wimbo ukipandisha pale lugha inaposhuka, baba amekwisha kuwa kipepeo. Mwalimu Ephraim Amu, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufundisha katika chuo cha walimu cha Akropong, aliuona upungufu huo, akaanza kutunga nyimbo za kwaya ambazo sauti zake zafuata mwendo wa lugha. Alipenda pia mavazi na ngoma za kwao, hata katika ibada. Kwa ajili hiyo hakueleweka na wakuu wake, akaachishwa kazi mwaka 1933. Baadaye alifundisha Achimota, akafariki mwaka 1995 akiwa ameheshimiwa na nchi nzima, na nyimbo zake zingali zikiimbwa na kwaya za Ghana.

Ushauri wetu kwa mtungaji wa ratiba ni huu. Kabla hujaweka wimbo uliofasiriwa, usome maneno yake peke yake kama usemavyo nyumbani, kisha uyaimbe. Mahali ambapo kinywa kitasita, hapo pana kosa la mfasiri. Likirekebishika, rekebisha, lisiporekebishika, uimbwe kwa lugha yake ya asili, na maana yake ichapwe kwa Kiswahili katika ratiba. Kuchapa maana ni gharama ndogo. Mzazi aliyeketi ukumbini, aliyetoa ng'ombe au mbuzi ili mtoto wake asome, ana haki ya kujua mtoto huyo anaimba nini.

NYIMBO ZA KWETU

Katika ratiba nyingi fungu la nyimbo za asili huwekwa mwishoni, watu wakiwa wamechoka, kana kwamba ni mchezo wa kuwachekesha wageni. Twaona hilo ni kosa, na historia yashuhudia.

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kupata uhuru, watu watano walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakwenda kutafuta sauti ya kutisha iliyojaa tarumbeta. Waliishika sauti ya wimbo wa Wapokomo, watu wa mto Tana, ambao mama huwaimbia watoto wapate kulala. Leo wimbo huo husimamisha majeshi. Wimbo wa asili ulioletwa shuleni na mtoto mmoja waweza kuwa akiba ya taifa, ila lazima kwanza awepo wa kuusikiliza na kuuandika.

Basi fungu hilo lipewe saa njema. Shule ileteapo wimbo wa asili, ratiba iseme ni wimbo wa watu gani, huimbwa wakati gani, wa kazi au wa harusi au wa maombolezo, na ni nani aliyewafundisha vijana. Mara nyingi mwalimu huyo ni bibi kizee wa kijijini asiyejua kusoma; jina lake likichapwa karatasini, amelipwa heshima iliyomstahili.

HUKUMU YA MWAMUZI

Mwamuzi hugawa alama zake katika mafungu. Tutoe mfano wa alama 100: usafi wa sauti 25, mwendo na mapigo 20, matamshi 20, mlingano wa sauti 20, na moyo wa wimbo 15. Usafi wa sauti maana yake ni kwamba kwaya iliyoanza katika ufunguo fulani imekwisha katika ufunguo huo huo, haikuteleza kushuka. Mlingano maana yake ni kwamba soprano haikuwafunika alto, wala besi haikunguruma peke yake. Angalieni kwamba katika mafungu haya halimo fungu la sare nzuri. Msikilizaji wa redio ana bahati katika jambo hili, kwani haoni viatu wala tai. Husikia wimbo tu, nao ndio unaohukumiwa.

Alama husahauliwa baada ya mwezi. Kitu chenye faida ya kudumu ni karatasi ya maoni ambayo mwamuzi huiandikia kila kwaya. Kuandika kwamba kwaya ni nzuri hakumsaidii mtu. Aandike kwamba katika ubeti wa pili tena walichelewa, au kwamba herufi za mwisho za maneno zilimezwa, au kwamba waliimba maombolezo huku wakitabasamu. Mwalimu mwenye hekima huibandika karatasi hiyo ukutani na kuanza nayo kazi ya mwaka unaofuata. Ratiba itenge wakati wa mwamuzi kusema na walimu. Bila wakati huo tamasha huwa bahati nasibu, wengine wamepata kikombe na wengine hawakupata, wala hakuna aliyejifunza sababu.

WIMBO WA MWISHO

Tulisema tutairudia desturi ya Bibi Wakefield. Katika ratiba ya tamasha lolote la shule, baada ya kwaya ya mwisho na kabla ya kutolewa vikombe, na uwekwe wimbo mmoja ambao shule zote zimejifunza, uimbwe na wote kwa pamoja. Tumesema kabla ya vikombe, kwa sababu baada ya vikombe nusu ya waimbaji huwa wanalia na nusu wanapiga vigelegele. Vijana 800 wanaoimba kitu kimoja husikia kwa masikio yao jambo ambalo hotuba haiwezi kuwafundisha: kwamba aliyekuwa mshindani wangu asubuhi ndiye anayenishikia sauti yangu sasa.

Tena hatujui ni wimbo upi utakaodumu. Mwaka 1897 mwalimu Enoch Sontonga, wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliitungia kwaya yake wimbo wa kuiombea Afrika baraka. Uliandikwa kwa solfa, kwa ajili ya watoto wa shule. Mwenyewe alifariki mwaka 1905, kabla hajaona ulipofika. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama kikuu cha Waafrika wa Afrika Kusini. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti hiyo, kwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wa taifa, nao ndio wimbo wa taifa wa Tanzania hata leo. Wimbo wa kwaya ya shule moja umekuwa sala ya mamilioni.

Basi mtakapopewa karatasi mlangoni, msijipepee nayo kabla ya kuisoma. Chukueni kalamu ya risasi. Kando ya kila wimbo andikeni neno moja: umeelewa maneno au hukuelewa? Sauti zimetoka kwa raha au kwa kukazwa? Ungependa mtoto wako aukumbuke wimbo huu akiwa mzee? Karatasi hizo zikikusanywa na kupewa walimu, mtungaji wa ratiba ya mwaka ujao atakuwa na washauri wengi, na vijana watapata nyimbo zinazowastahili.

Kwa herini, wasikilizaji, hata mazungumzo mengine.